"Kubwa kuliko uwanja wa mpira": tunavyokosea kuandika habari za asteroidi

Hebu fungua magrupu yako ya WhatsApp urudi nyuma miezi michache. Utaikuta tu. Picha ya jiwe linalowaka moto, Dunia ipo pembeni inasubiri kugongwa, na juu yake maandishi makubwa: kimondo kikubwa kuliko uwanja wa mpira kuikaribia Dunia wiki hii. Chini yake watu wameweka mikono ya kuomba. Wiki inapita, hakuna kilichotokea, na hakuna anayerudi kuuliza ilikuwaje. Baada ya muda inakuja nyingine, safari hii jiwe lina ukubwa wa ndege.

Makala hii ni uhakiki wa habari za namna hiyo. Sitataja chombo chochote, kwa sababu kosa si la mmoja, na sisi tunaoandika sayansi kwa Kiswahili nasi tumo. Tunaona habari ya Kiingereza, tunaitafsiri haraka, tunaiweka. Ninachodai ni hiki: habari hizi zinapima kitu kisicho na maana kubwa. Zinapima ukubwa wa jiwe, basi. Mambo yanayotakiwa kupimwa ni umbali, uhakika wa njia, na thamani ya jiwe likishadondoka. Kosa hili lina gharama, na gharama yenyewe iko karibu kuliko unavyodhani. Kama unasoma ukiwa Binza, Bariadi au Maswa, iko mkoani kwako.

Neno moja, kazi tatu

Tuanze na lugha. Kwenye habari zetu kila kitu ni "kimondo". Jiwe linalozunguka Jua mamilioni ya kilomita kutoka hapa, kimondo. Mstari wa mwanga unaokatiza usiku, kimondo. Jiwe lililolala shambani, kimondo pia. Matokeo yake msomaji akisikia "kimondo kinaikaribia Dunia" anachokiona kichwani ni ule mwanga, yaani kitu ambacho tayari kimeshaingia kwenye hewa yetu. Lazima aogope!

Tutenganishe. Likiwa bado angani linazunguka Jua, ni asteroidi. Mwanga unaotokea linapoingia kwenye hewa kwa kasi ya kilomita nyingi kwa sekunde, huo ndo kimondo. Kipande kinachonusurika na kufika ardhini ni jiwe la kimondo. Maneno yapo, ni uvivu wetu tu. Habari ikisema "asteroidi itapita" hofu nusu imeshaondoka, na mwandishi hajapoteza hata sentensi moja.

Haya, tuutumie huo uwanja wa mpira

Sasa twende kwenye ukubwa. Tuseme asteroidi ya mita 100, urefu wa uwanja kabisa, inapita umbali wa kilomita milioni 5. Hiyo ni mara 13 ya umbali wa Mwezi, na ndiyo aina ya "kukaribia" inayojaza vichwa vya habari.

Chukua mpira wa miguu wa kawaida, uweke golini. Huo ndo Dunia yetu. Mwezi utakuwa kama mpira wa tenisi, umbali wa mita sita na nusu hivi. Na ile asteroidi? Itapita mita 86 kutoka kwenye mpira wako, yaani karibu na goli la upande wa pili. Ukubwa wake kwenye kipimo hicho ni mdogo mara makumi kuliko unene wa unywele. Usingeiona hata ungepiga magoti na kuitafuta. Punje ya vumbi isiyoonekana inapita goli la kule, na sisi tumeandika kwamba inakuja.

Huo ukubwa wenyewe, tunausoma kana kwamba mtu kaenda na futi kamba. Hapana. Darubini inapiga picha kadhaa za eneo moja la anga, zikipishana dakika chache. Nyota zinabaki pale pale, nukta moja inasogea. Hiyo ndiyo asteroidi. Kinachopimwa ni mwanga wa nukta. Sasa fikiria umemulika tochi usiku ukaona mbuzi wawili kwa mbali, mmoja mweupe na mwingine mweusi. Mweupe mdogo anaweza kung'aa sawa na mweusi mkubwa. Kuna asteroidi nyeusi kama mkaa na nyingine zinazorudisha mwanga vizuri, kwa hiyo mwanzoni wanasayansi husema "kati ya mita 40 na 90". Mwandishi wetu anachukua 90 na kuitupa ile 40. Ndivyo uwanja wa mpira unavyozaliwa.

"Hatari" ambayo si onyo

Kuna kosa la tatu, na hili linawakamata hata walio makini. Wataalamu wana kundi la asteroidi ambalo jina lake kwa Kiingereza lina neno la hatari ndani yake. Kuingia humo kunahitaji vitu viwili: njia yake ipite ndani ya kilomita milioni 7.5 kutoka kwenye njia ya Dunia, na iwe na mwanga unaoashiria ukubwa wa mita 140 hivi au zaidi. Ni orodha ya za kuangaliwa kwa makini. Ni sawa na mwalimu anayeandika majina ya wanafunzi wanaokaa karibu na mto: hajasema nani atazama. Ukitafsiri "asteroidi hatari" bila kueleza, umetoa onyo ambalo hakuna mtaalamu aliyelitoa.

Mfano bora ni wa juzi tu. Tarehe 27 Desemba 2024 darubini ya mradi wa ATLAS huko Chile iligundua asteroidi iliyopewa jina 2024 YR4. Ilionekana inaweza kuigonga Dunia tarehe 22 Desemba 2032. Eneo lililokuwa likihesabiwa lilipita Amerika Kusini kaskazini, Atlantiki, Afrika hadi Asia Kusini, kwa hiyo safari hii Waafrika tulikuwemo. Uwezekano ulipanda polepole hadi asilimia 3.1 tarehe 18 Februari 2025. Kisha ndani ya wiki moja ukaporomoka karibu na sifuri. Watu wengi wakasema, "Unaona? Wanatudanganya hawa."

Hakuna aliyedanganya. Ila wachache sana walieleza kwa nini namba inapanda kabla ya kushuka. Hebu nijaribu kwa mfano wa huku kwetu. Umepoteza ndama jioni. Unajua yuko mahali fulani kwenye mbuga ya heka mia, na ndani ya mbuga hiyo kuna kisima kimoja kilicho wazi. Uwezekano kwamba katumbukia kisimani ni mdogo. Unatafuta nusu ya mbuga, hayupo. Kisima kiko kwenye nusu iliyobaki. Uwezekano umeshakuwa maradufu, ingawa ndama hajasogea hatua moja! Unapunguza tena eneo, kisima bado kimo ndani, moyo unaenda mbio. Halafu unamsikia analia kwenye shamba la pamba la jirani. Mara moja uwezekano wa kisimani ni sifuri.

Kila usiku wa kuitazama 2024 YR4 ulikuwa ni kupunguza mbuga. Dunia ndiyo ilikuwa kisima. Namba kupanda haikuwa ishara kwamba jiwe limebadili njia kuja kwetu, na kushuka hakukuwa kukiri kosa. Ilikuwa sayansi inafanya kazi yake hadharani. Habari iliyotangaza kupanda na ikanyamaza wakati wa kushuka imemwacha msomaji na kisima bila ndama.

Madogo ndiyo yanayokuja

Sasa tuje kwenye kinachonisumbua zaidi. Kwa kupima ukubwa tu, tunayakosa mawe yanayodondoka kweli. Asteroidi ya mita 140 huigonga Dunia mara moja kwa maelfu mengi ya miaka. Ya mita nne hivi huingia kwenye hewa yetu karibu kila mwaka. Nyingi huishia baharini au jangwani, na hazina vichwa vya habari.

Zilizogunduliwa zikiwa bado angani na kisha kuigonga Dunia ni chache: hadi mwisho wa 2024 zilikuwa 11. Ya kwanza kabisa ilidondoka Afrika. Tarehe 6 Oktoba 2008 Richard Kowalski, akitumia darubini huko Arizona, aliona nukta inayosogea. Ilipewa jina 2008 TC3, na upana wake ulikuwa mita nne hivi. Saa kama 20 baadaye, alfajiri, ilipasuka juu ya jangwa la kaskazini mwa Sudan. Mwezi Desemba wanafunzi na wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha Khartoum, wakiongozwa na Muawia Shaddad pamoja na Peter Jenniskens wa Taasisi ya SETI, walijipanga mstari na kutembea jangwani wakiangalia chini. Walianza kupata vipande, na baada ya safari kadhaa vikafika zaidi ya 600. Mawe hayo yanaitwa Almahata Sitta, yaani Kituo cha Sita, kwa jina la kituo cha reli kilicho karibu. Hiyo "sitta" ndiyo sita yetu ile ile. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia binadamu kuiona asteroidi angani kisha kushika vipande vyake mkononi, na waliovishika walikuwa wanafunzi wa Kiafrika waliotembea kwa miguu.

Mwaka 2018 ikawa tena: tarehe 2 Juni asteroidi 2018 LA, yenye mita moja na nusu hivi, iligunduliwa saa chache tu kabla ya kuingia hewani juu ya Botswana. Vipande vikapatikana kwenye hifadhi ya Kalahari. Na jirani zetu wa Mbale, Uganda, hawakupewa taarifa yoyote. Tarehe 14 Agosti 1992 mawe yalinyesha mjini na vitongojini, na moja dogo la gramu chache lilimgonga mtoto kichwani baada ya kupunguzwa kasi na migomba. Hakuumia sana. Mshukuru mgomba.

Mawili ya mwaka 1930

Sasa turudi nyumbani. Ukimuuliza Mtanzania kuhusu jiwe la kutoka angani atakutajia Kimondo cha Mbozi, na ana haki. Ni chuma cha tani zaidi ya kumi, moja ya mawe makubwa ya aina hiyo duniani, na wenyeji walilijua kabla ya mgeni yeyote. Ulimwengu wa nje uliliandika mwaka 1930.

Mwaka huo huo wa 1930, jiwe jingine lilidondoka Malampaka. Ndiyo, Malampaka hii hii ya wilaya ya Maswa, mkoa wetu wa Simiyu. Lina uzito wa gramu 470 hivi, pungufu kidogo ya nusu kilo ya sukari. Limo kwenye orodha ya kimataifa ya mawe ya kimondo kwa jina la Malampaka, na litabaki humo daima. Waulize wenzako darasani wangapi wamewahi kulisikia. Mimi nililikuta kwenye orodha hiyo, si shuleni.

Utasema, "Gramu 470 ni nini mbele ya tani kumi?" Hapo ndipo kipimo cha ukubwa kinapotuangusha. Tazama Ivuna. Tarehe 16 Desemba 1938 mawe yalidondoka Ivuna, eneo ambalo leo liko wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe, mkoa ule ule wa Mbozi. Yaliyookotwa ni gramu 705 tu. Jiwe lenyewe ni jeusi, laini, halina sura ya kuvutia mtalii. Lakini muundo wake wa kikemia, ukiondoa gesi kama hidrojeni na heliamu, unalingana na wa Jua lenyewe. Ni mabaki ya mwanzo wa mfumo wetu wa Jua, zaidi ya miaka bilioni 4.5 iliyopita. Ni aina adimu mno, na dunia nzima inaiita kwa jina la kijiji hicho: kundi la CI, ambapo herufi I ni Ivuna.

Desemba 2014 Japani ilirusha chombo cha Hayabusa2 kwenda kwenye asteroidi Ryugu, moja ya zile zinazopita karibu na Dunia. Baada ya miaka sita kilirudisha gramu 5.4. Wanasayansi walipozichunguza waligundua zinafanana zaidi na kitu gani? Na mawe ya kundi la Ivuna. Gramu 705 zilizojileta zenyewe Tanzania ni mara 130 ya zile zilizofuatwa angani kwa miaka sita. Leo kipande kikubwa cha Ivuna kiko Makumbusho ya Historia ya Asili, London.

Lakini usishangilie bado, kuna tofauti moja muhimu. Vumbi la Ryugu lilifika limefungwa, halijaguswa na hewa yetu. Mawe ya kundi la CI yaliyodondoka zamani yalikwisha kunywa unyevu wa Dunia na kutengeneza chumvi na kutu ambazo hazikuwemo. Kwa hiyo thamani ya jiwe la kimondo huanza kupungua dakika linapogusa ardhi. Mvua moja ya masika inatosha kufuta mengi.

Na hii ndiyo gharama niliyoitaja mwanzoni. Siku kimondo kitakapong'aa juu ya Simiyu tena, iwe kesho au miaka hamsini ijayo, mtu wa kwanza kulifikia jiwe hatakuwa profesa. Atakuwa mchungaji wa ng'ombe, au mama anayepalilia choroko, au mwanafunzi anayetoka shule. Habari zetu zimemfundisha nini mtu huyo? Kuogopa mwisho wa dunia. Hazijamwambia kwamba jiwe hilo halitamdhuru akiligusa. Hazijamwambia kwamba mara nyingi lina ganda jembamba jeusi kama limeunguzwa, na ni zito kuliko jiwe la kawaida la ukubwa huo. Hazijamwambia asilioshe, asilipasue kwa nyundo, wala asiligusishe sumaku, kwa sababu sumaku inafuta kumbukumbu iliyobeba tangu angani. Alipige picha pale pale lilipo, alishike kwa mfuko safi mkavu, aandike mahali na saa, kisha awatafute wanajiolojia, kama wale wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma au wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Hazijamwambia hata hili la usalama: ukiona mwanga mkali wa ghafla angani, kaa mbali na dirisha. Februari 2013, Chelyabinsk, Urusi, asteroidi ya mita 20 hivi ilipasuka angani. Watu walikimbilia madirishani kuangalia. Mshindo ukafika baada ya dakika moja na zaidi, vioo vikawakata. Waliojeruhiwa walikuwa kama 1,500, wengi wao kwa vioo. Sentensi moja ya habari ingeweza kupunguza idadi hiyo.

Mtihani wetu uko 2029

Sitaki uache kusoma habari hizi. Zina jambo moja zuri ambalo sisi wa vyuoni hatuliwezi: zinamfikia kila mtu. Ila ikija nyingine, iulize maswali manne. Inapita umbali wa mara ngapi ya Mwezi? Njia yake imefuatiliwa kwa muda gani? Nani kasema, ni kituo kinachohesabu njia hizi, kama kile cha NASA au cha Shirika la Anga la Ulaya, au ni "wanasayansi" wasio na jina? Na ile ya wiki iliyopita iliishia wapi? Ikikosa majibu, usiisambaze.

Mtihani mkubwa unakuja Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029. Asteroidi Apophis, yenye mita 340 hivi, itapita kilomita kama 32,000 juu ya Dunia, karibu zaidi kuliko setilaiti zinazoleta picha kwenye madishi yetu. Kwenye ule mfano wa mpira golini, itapita nusu mita tu kutoka kwenye mpira. Huko ndiko kukaribia! Ilipogunduliwa 2004 iliwahi kupewa uwezekano wa asilimia 2.7 wa kutugonga 2029, kisha mbuga ikapunguzwa, na tangu vipimo vya rada vya 2021 tunajua haitatugonga kwa miaka 100 ijayo angalau. Itakatiza kutoka Bahari ya Hindi kwenda magharibi, ipite juu ya Afrika usiku, na itakuwa karibu kabisa saa sita na dakika 46 usiku kwa saa zetu, Jumamosi ikiwa imeshaingia. Mawingu ya masika yakituruhusu, utaiona kwa macho yako, bila darubini, kama nyota ya kawaida inayotembea polepole.

Ijumaa ya tarehe 13, jiwe kubwa kuliko viwanja vitatu vya mpira, linapita juu ya Afrika. Najua ujumbe utakaozunguka siku hiyo, na wewe unaujua. Swali ni kama bibi yako wa Binza atakaa ndani amefunga mlango akisali, au atatoka nje na wajukuu, mtu mmoja aliyewahi kusoma akiwaonyesha kwa kidole: ile pale, inapita. Jiwe kama lile, dogo zaidi, lilishawahi kutua Malampaka.